Kibuyu Kimoja na Hukumu Tatu

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu aliyemtukuza mwanadamu kwa akili, na sala na salamu zimfikie Mtume wake Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake.

Ama baada ya hayo: katika miji ya pwani liko suala ambalo husemwa barazani kwa mzaha, na kwa kuwa husemwa kwa mzaha huwa halijibiwi. Mtu huuliza: "Mgema ameteremsha kibuyu, na ndani yake mna maji matamu ya mnazi. Jioni maji ni yale yale. Hapana aliyetia kitu wala aliyetoa kitu. Asubuhi yalikuwa halali, na jioni yamekuwa haramu. Je, ni nani aliyeyaharimisha, na ilikuwa saa ngapi?" Watu hucheka, vikombe vya kahawa huzunguka, kisha huingia maneno mengine.

Lakini suala hili lastahili kujibiwa, kwani ndani yake limefichwa suala kubwa zaidi: ubaya wa kinywaji u wapi? U katika kitu chenyewe, au katika wingi wake, au katika nia ya mwenye kukinywa? Na yule asiyekinywa kabisa, lakini mkono wake umo katika kukipatikanisha, ana sehemu gani? Mwenye akili akiyapambanua haya ataona ya kuwa kibuyu cha mgema ni mwalimu, na darsa yake haimhusu mlevi peke yake.

KHABARI YA KIBUYU

Kwanza na ijulikane namna kitu chenyewe kinavyokuwa. Mgema hupanda mnazi, akalitwaa karara la maua ambalo halijapasuka, akalifunga kwa kamba, akalikata ncha, na kila apandapo hulichonga kidogo ili lizidi kutoa. Maji yatokayo hutona ndani ya kibuyu matone kwa matone, mchana na usiku. Maji hayo ni matamu, kwa kuwa sukari yake hupita sehemu 10 katika mia. Mnazi ulikuwa umeiweka sukari hiyo kwa ajili ya kuzaa nazi. Na kwa hiyo karara lililogemwa halizai.

Sukari hii haikai peke yake. Hewani, na juu ya karara, na khasa katika machicha yaliyoganda ndani ya kibuyu cha jana, mna hamira. Zamani watu waliona povu wasijue sababu yake. Katika nchi ya Bavaria mwaka 1516 watawala walitoa amri ya kuwa bia isitengenezwe ila kwa shayiri, maua ya hopi na maji; hamira haikutajwa, ingawa ndiyo ifanyayo kazi yote. Ilipofika mwaka 1857 mwanachuoni wa Kifaransa Louis Pasteur alianza kubainisha ya kuwa mchachuko ni kazi ya viumbe hai, na mwaka 1876 akatoa kitabu kizima juu ya bia. Mwaka 1883 Emil Christian Hansen, katika mji wa Copenhagen, aliweza kuotesha hamira safi kutoka kiumbe kimoja tu. Basi sasa yajulikana: hamira hula sukari, na katika kuila hutoa vitu viwili, hewa na kileo. Hewa ndiyo povu. Kileo ndicho kifunikacho akili. Tembo la mnazi huweza, katika muda wa siku moja, kufikia kileo cha sehemu 4 au 5 katika mia, nacho ni kiasi cha bia ya dukani.

Likizidi kuachwa, huja viumbe wengine ambao hula kile kileo chenyewe, wakakigeuza ukali wa siki. Hapo mlevi halitaki tena, na mpishi hulitaka.

Hivi ndivyo kibuyu kimoja kinavyopita katika hukumu tatu. Kwanza ni maji matamu, nayo ni halali kama maji ya dafu. Kisha ni tembo kali, nalo ni haramu, na kwa madhehebu ya Imam Shafi'i, ambayo ndiyo ya watu wengi wa pwani, ni najisi pia. Mwisho ni siki. Nayo, ikiwa imegeuka wenyewe bila ya kutiwa kitu, ni halali na tahiri, na chombo chake hutahirika pamoja nayo.

Na lugha yenyewe yashuhudia ujirani huu. Neno *khamr* kwa Kiarabu, na neno *khamira*, ambalo ndilo hamira ya jikoni, na neno *khimar*, yaani mtandio wa mwanamke, yote yana shina moja, nalo lina maana ya kufunika. Mahamri aliyokula Mwislamu asubuhi kwa mbaazi yaliumuka kwa hamira; hewa iliufurisha unga, na kile kileo kidogo kilitoka kwa moto wa mafuta. Basi yule asemaye ya kuwa kila kilichochachuka ni haramu, na auache mkate wake kwanza. Sharia haikuharimisha povu, wala hamira, wala uchachu. Imeharimisha kilevi.

MWENDO WA WATU WA KWANZA

Jambo hili halikuwa geni kwa watu wa zama za Mtume, Rehema na Amani zimshukie. Katika vitabu vya Hadithi imepokewa ya kuwa yeye mwenyewe alikuwa akirowekewa tende au zabibu katika maji. Zilizorowekwa asubuhi alizinywa jioni, na zilizorowekwa usiku alizinywa asubuhi. Na katika mapokezi mengine muda ulifika hata jioni ya siku ya tatu, kisha kilichobaki hakunywa. Kinywaji hicho huitwa *nabidh*. Hapa pana funzo zito: hakukikataa kinywaji kwa kuwa huenda kikaharibika, wala hakukingoja kiharibike. Alikiwekea muda.

Kadhalika walipomjia wajumbe wa kabila la Abdul Qays, aliwakataza kuroweka katika vyombo vinne: kibuyu, mtungi wa rangi ya kijani, chombo kilichopakwa lami, na gogo la mtende lililochimbwa ndani. Vyombo hivi huficha mchachuko na kuuhimiza. Baadaye, watu walipokwisha kuithibiti hukumu katika nyoyo zao, aliwaruhusu vyombo vyote, kwa sharti ya kuwa wasinywe kilevi. Yaani chombo kilikatazwa kwa sababu ya kilichokuwa kikitendeka ndani yake. Sababu ilipolindwa kwa njia nyingine, chombo kiliachwa huru.

Na alipopelekwa Abu Musa Al-Ash'ari kwenda Yemen, aliuliza juu ya vinywaji vya watu wa huko: kimoja cha asali, na kimoja cha shayiri kiitwacho *mizr*, ambacho kwa hakika ni bia ya zama hizo. Hakupewa jawabu la majina. Alipewa kanuni moja, ya kuwa kila chenye kulevya ni haramu. Ndiyo sababu hapana haja ya kutafuta neno "bia" katika vitabu vya kale, wala neno "tembo". Kanuni imekwisha kuvitangulia.

Naye Anas bin Malik ameeleza ya kuwa siku lilipotangazwa katazo alikuwa akiwanywesha wageni nyumbani kwa Abu Talha, na kinywaji chao hakikuwa cha zabibu, kilikuwa cha tende. Aliposikiwa mwenye kutangaza, Abu Talha alimwamuru amwage, naye akamwaga, hata kikapita katika njia za Madina. Wazee wale hawakusema, "Hiki si cha zabibu." Hawakusema, "Na tumalize kilichomo vikombeni." Walikuwa wakikipenda kinywaji hicho kwa kukizoea tangu ujana, na mapenzi yao hayakuwafanya mawakili wa kukitetea.

HOJA YA MPISHI WA NYUMBANI

Walakini haki ni kumsikiliza mwenye kupinga, tena kumsikiliza katika hoja yake iliyo bora, wala si katika ulevi wake ulio mbaya. Kumlaumu mtu aliyelala mtaroni ni jambo jepesi. Lililo gumu ni kumjibu mtu asiyelala mtaroni.

Katika nchi za Marekani na Uingereza wako watu wengi ambao hujipikia bia nyumbani, nao si wafanya biashara, wala wengi wao si walevi. Serikali ya Uingereza iliondoa leseni ya kazi hiyo mwaka 1963. Marekani ilipiga marufuku vileo nchi nzima mwaka 1920, ikaiondoa marufuku hiyo mwaka 1933, lakini bia ya nyumbani haikuruhusiwa kwa sharia ya dola hata mwaka 1978, Rais Jimmy Carter alipotia sahihi. Na kwa sharia hiyo mtu mzima mmoja huweza kutengeneza galoni 100 kwa mwaka, na nyumba yenye watu wazima wawili au zaidi galoni 200, bila ya kuuza.

Mtu wa namna hii huroweka shayiri, au hununua iliyokwisha kuoteshwa kimea. Huisaga, akaitia katika maji ya moto yasiyochemka, ili wanga ugeuke sukari. Huchuja, akachemsha pamoja na maua ya hopi, akapoza, akatia hamira, akangoja wiki moja au mbili. Kazi yake si mbali na kazi ya bibi wa bara apikaye togwa au pombe kwa kimea cha mtama. Kisha hukaa na rafiki zake wakaonja na kupambanua: huyu hupenda ile nyeupe ya dhahabu ambayo ilianza katika mji wa Plzeň mwaka 1842, huyu hupenda nyeusi ya shayiri iliyokaangwa, huyu uchungu wa hopi, na yule uchachu wa mapipa ya Ubelgiji. Huandika daftari, hupima moto, hujua maji ya mji wake kama nahodha ajuavyo pepo zake.

Mtu huyu husema maneno manne. La kwanza: "Hii ni elimu na kazi ya mikono, na elimu ni njema." La pili: "Nanywa kwa ladha, sinywi kwa kulewa." La tatu: "Nanywa bilauri moja, na akili yangu ipo." La nne: "Simdhuru mtu, bali nimepata rafiki."

Maneno haya yasidharauliwe. Qur'ani yenyewe, katika Sura ya Al-Baqara, imekiri ya kuwa katika ulevi na kamari mna manufaa kwa watu, kisha ikahukumu ya kuwa dhambi yake ni kubwa kuliko manufaa yake. Yaani Mwenyezi Mungu hakuwataka waja wake waseme uwongo juu ya kitu ili wapate kukiacha. Mwenye kuhubiri ya kuwa bia haina ladha, au ya kuwa kila mwenye kuonja huwa mwehu, amesema asilolijua, na kijana akija kuona kinyume chake humkadhibisha katika yote.

Wala si kweli ya kuwa katika Uislamu haikupata kuwako rai nyingine. Imam Abu Hanifa, aliyekufa mwaka 150 wa Hijra, aliona ya kuwa jina la *khamr* kwa hakika yake ni la maji ya zabibu yaliyochachuka, nayo ni haramu machache na mengi. Ama vinywaji vya nafaka na asali, kilicho haramu ni kile kiasi kileweshacho. Lakini mwanafunzi wake mwenyewe, Muhammad bin Al-Hasan, alisema ya kuwa kila kileweshacho kingi chake, hata kichache chake ni haramu. Na rai hii ndiyo waliyoitolea fatwa wanazuoni wa Kihanafi waliofuata, nayo ni rai ya Malik na Shafi'i na Ahmad. Atakaye kujificha nyuma ya Abu Hanifa na akumbuke ya kuwa imamu yule alikuwa akitafuta mpaka wa sharia. Hakuwa akitafuta kikombe.

JAWABU

Basi ajibiweje mtu wa bilauri moja? Ajibiwe hivi.

Mwanadamu amepewa akili iwe mizani. Kwa mizani hiyo hupima kila kitu: chakula kadiri gani, ghadhabu kadiri gani, maneno kadiri gani. Mwenye kula wali huweza kusema, "Sasa basi," kwa kuwa wali hauigusi mizani. Tumbo hujaa, na akili ipo pale pale ikitazama. Lakini kilevi kina tabia isiyokuwamo katika wali wala katika nyama: kitu cha kwanza kukiguswa nacho ni mizani yenyewe. Mtu apimaye kwa mizani ambayo kila ikipimiwa hupinda, na aulizwe: ni kipimo gani kilichomjulisha ya kuwa bado imenyooka? Waganga wa leo wanajua ya kuwa uamuzi wa mtu na wepesi wake wa kujizuia hupungua kabla ya yeye mwenyewe kujiona amelewa; na ndiyo sababu dereva hupimwa kwa chombo, wala haulizwi ajionavyo. Kwa hiyo mpaka wa "kidogo" hauwezi kulindwa na yule aliyekwisha kukinywa hicho kidogo. Sharia imeuweka mlango mahali ambapo mizani bado imenyooka, nayo ni kabla ya kikombe cha kwanza. Wahenga wa pwani walisema mchovya asali hachovyi mara moja. Na asali haipindi akili.

Ama neno lake la kuwa hamdhuru mtu, huenda likawa kweli katika nyumba yake. Lakini sharia haiwekwi kwa mtu mmoja aliye hodari. Katika watu mia wanaoanza kwa ladha, hapana ajuaye ni nani kati yao atakayeishia kuuza kitanda cha mkewe. Wala yeye mwenyewe hajui. Mwenye nguvu akiacha, humfunikia aliye dhaifu, asijulikane kwa udhaifu wake. Hii ni sadaka ambayo hapana aitazamaye. Na juu ya mwili, Shirika la Afya la Ulimwengu lilitangaza mwaka 2023 ya kuwa hapana kiasi cha kileo ambacho huweza kusemwa ni salama kwa afya.

Ama neno lake la kuwa hupenda ladha, hili lina mtihani wake, na zama hizi mtihani umekuwa mwepesi. Vinywaji vya shayiri na hopi visivyo na kileo vinapatikana, na wako wapishi wa nyumbani ambao huvitengeneza kwa bidii ile ile. Ambaye mapenzi yake ni ladha, atafurahi kupata ladha bila ya kilevi. Ambaye akiondolewa kileo huona kikombe ni kitupu, ameijua nafsi yake alichokuwa akikipenda. Na kuijua nafsi ni faida, hata ikiwa imeuma.

MAJINA

Yamesemwa ya mbali. Sasa na yarejewe ya karibu. Mwislamu wa pwani aghalabu hapiki bia. Hila yake si daftari wala hopi; hila yake ni jina.

Husema, "Hili ni tembo tamu." Na tembo tamu ni halali, hapana shaka, likiwa ni tamu kweli. Lakini kibuyu kilichotungikwa usiku kucha, na ndani yake mna machicha ya jana, kimekwisha kuanza kazi kabla ya mgema kukiteremsha. Likabebwa kwa jua, likauzwa, likafika barazani alasiri, linatoa povu na linachoma ulimi. Na jina lake bado ni tembo tamu. Jina halikuchachuka, kilichomo ndani ndicho kilichochachuka. Kadhalika togwa: ikiwa mpya ni chakula cha watoto, na ikiachwa huenda ikawa pombe, nayo bado yaitwa togwa. Mtume, Rehema na Amani zimshukie, alikwisha kuonya juu ya watu watakaokunywa ulevi kwa kuupa jina lisilokuwa lake.

Na jina huweza kudanganya upande wa pili pia. Katika Marekani na Ujerumani chupa ambayo imeandikwa ya kuwa haina kileo huweza kuwa nacho hata kufikia nusu ya sehemu moja katika mia. Mwenye kusoma jina akatosheka, hakusoma. Lakini mwenye kusikia khabari hii akatimua mbio na kuharimisha kila kitu, naye na ajue ya kuwa mkate na tunda lililoiva sana huwamo kileo kidogo mno, na hapana aliyelewa kwa ndizi. Wanazuoni wa zama hizi wametofautiana juu ya hicho kidogo. Kipimo kilichowekwa tangu zamani ni kile kile: je, kingi chake hulevya? Kipimo hiki huulizwa kibuyu, hakiulizwi kibandiko.

MWENYE MINAZI

Limebaki jambo ambalo husemwa kidogo, kwa kuwa waliohusika nalo ni watu wa safu ya mbele.

Yuko Mwislamu ambaye hajapata kuonja tembo, wala hukaa na wanywaji. Ana shamba la minazi aliloachiwa na baba yake. Nazi huangushwa mara chache kwa mwaka, na bei yake hupanda na kushuka. Akija mgema, akakodi minazi kumi, fedha huingia kila mwezi. Mwenye shamba huzipokea, huenda msikitini, akirudi humkuta mlevi njiani, akasema, "Astaghfirullah," akapita upande wa pili. Wala hajiulizi ya kuwa huenda kilichomwangusha mtu yule kimetoka katika mnazi wake.

Imepokewa ya kuwa katika jambo la ulevi hakulaaniwa mnywaji peke yake. Wamelaaniwa kumi, na miongoni mwao ni mwenye kukamua, na mwenye kukamuliwa, na mwenye kuchukua, na mwenye kuuza, na mwenye kula thamani yake. Na wanazuoni wa Kishafi'i wamesema ya kuwa kumwuzia zabibu mtu ambaye yajulikana atazifanya ulevi ni haramu, na ikiwa ni dhana tu ni makuruhu. Mwenye minazi hana dhana. Anajua kibuyu chatungikwa kwa ajili ya nini.

Atasema, "Mimi nimekodisha mti, yatokayo ni juu ya mgema." Na suala la barazani humrudia yeye: kama mti hauna dhambi, na maji matamu hayana dhambi, na saa za mchana hazina dhambi, basi dhambi imeingia kwa mlango gani? Imeingia kwa mlango wa mwenye kungoja. Mtu atungikaye kibuyu akakingoja kiwe kikali, nia yake i katika kule kungoja. Na mtu alaye kodi ya kungoja huko, anangoja pamoja naye.

Wala asiseme ya kuwa hana njia nyingine. Maji ya mnazi yakiteremshwa mapema katika chombo safi na kuchemshwa siku ile ile, huwa asali nzito, kisha sukari. Watu wa India na Sri Lanka na Indonesia wanafanya hivyo tangu zamani. Katika India hupaka chokaa ndani ya chombo ili maji yasichachuke upesi. Na mwenye kugema kwa nia ya siki tangu mwanzo, siki yake ni halali. Wanazuoni wamekiheshimu kilichokamuliwa kwa nia hiyo, hata kikipita katika ukali njiani. Basi nia yafaa. Lakini ni nia inayoonekana katika kazi, si nia inayosemwa baada ya fedha kupokewa.

Na haya yote yasiwe silaha ya kumdharau jirani. Kwa watu wa Mijikenda tembo la mnazi lina mahali pake katika mahari, na harusi, na matanga. Mgema ni mtu wa kazi ngumu, na wengi wameanguka minazini wakafa. Asiyefungwa na sharia ya Kiislamu hahukumiwi kwayo barazani. Wala Mwislamu hakuamrishwa kunusa mitungi ya watu. Kupeleleza kumekatazwa katika Sura ya Al-Hujurat kwa maneno yaliyo wazi. Kibuyu cha kuchungulia ni cha nyumbani kwako, na daftari la kusoma ni la kodi yako.

Basi mtu akiuliza tena, "Ni nani aliyeyaharimisha maji ya mnazi, na ilikuwa saa ngapi?" na ajibiwe kwa upole: Aliyeharimisha ni yule aliyeumba akili, naye hakuharimisha saa, ameharimisha kinachoifunika akili. Saa yenyewe hapana aijuaye barabara, kwa kuwa kibuyu hakipigi kengele. Kwa hiyo mwenye hadhari hukinywa kingali kitamu, au hukichemsha, au hukimwaga. Na aliyekaa nacho hata jioni asiulize saa. Na ajiulize alikuwa akingoja nini.

Wabillahi taufiq.